Injinia wa ndege si rubani: msichana wa Mombasa atafika vipi huko

Msichana wa hapa kwetu akisema nyumbani kwamba anataka kuwa injinia wa ndege, shangazi atamwambia mashallah mwanangu, utatupeleka Makka, na mjomba naye atamwambia basi nenda pale eapoti ukaulize kama wanachukua mafundi. Wote wawili wanamtakia kheri, ila kila mmoja ametaja kazi nyengine na hakuna aliyeitaja ile anayoitaka mwenyewe. Wasichana wengi wanapotea hapo hapo mwanzoni, wanaambiwa njia ya kazi moja wakidhani ni ya nyengine, na kufika form four washachagua masomo ambayo hayawafikishi popote karibu na ndege. Kwa hivyo hii naiandika kwa nyinyi mlio sekondari, niifumue polepole, na wazazi wakitaka kusoma pia karibuni.

Kazi ziko tatu. Rubani ndiye anayeirusha ndege, anasomea urubani na anahesabiwa masaa yake ya kuruka. Irene Koki Mutungi, Mkenya mwenzetu, ni rubani, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner, heshima kubwa sana hio, lakini ile ndege yenyewe ilibuniwa na watu wengine. Wa pili ni injinia wa matengenezo, yule unayemuona pale eapoti ya Moi International amevaa ovaroli, anafungua injini, anakagua, anabadilisha kilichochakaa, kisha anatia sahihi kwamba ndege hii iko salama kuruka. Sahihi yake ina uzito wa kisheria, ndio manake anahitaji leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Wa tatu ni yule anayebuni. Yeye anakaa na hesabu na kompyuta na maabara, anaamua bawa liwe na umbo gani, bodi iwe nene kiasi gani, roketi ibebe mafuta kiasi gani, satelaiti ipate umeme kutoka wapi. Huyu wa tatu ndiye hasa nataka kumzungumzia, ingawa njia ya yule wa pili naona haithaminiwi inavyostahili na nitaigusa huko mbele.

Ili ujue kazi yenyewe ikoje, hebu sikiliza kisa cha Beatrice Shilling. Huyu alikuwa Muingereza, amesomea umeme pale Manchester, na alipenda pikipiki kiasi kwamba mwaka 1934 alizunguka uwanja wa mashindano wa Brooklands kwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, ndege za Uingereza aina ya Spitfire na Hurricane zilikuwa na ugonjwa mmoja wa hatari: rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla ili amfukuze adui, injini inakata. Sababu ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla hayajaingia kwenye injini. Ndege ikiinama ghafla hivyo, mafuta mle ndani yanarushwa juu badala ya kukaa chini, kwanza injini inakosa mafuta, kisha yanaingia kwa wingi kupita kiasi na injini inazama ndani ya petroli yake yenyewe. Ndege za Wajerumani hazikuwa na shida hii manake zilikuwa zinapuliza mafuta moja kwa moja kwenye injini bila kabureta. Kuunda injini mpya kungechukua muda mrefu na marubani walikuwa wanakufa. Shilling akapiga hesabu ya mafuta ambayo injini inayahitaji ikiwa kwenye nguvu zote, akatengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu katikati, yaani washa tu kama ile ya bolti, tundu lake linapitisha kiasi kile kile na si zaidi. Mwaka 1941 yeye na timu yake wakazunguka viwanja vya jeshi wakizifunga, bila kuzitoa ndege kazini.

Washa! Nakisimulia kisa hiki manake watu hudhani injinia wa ndege ni mtu wa kuchora ndege nzima peke yake, na hakuna mtu kama huyo. Utakuwa mtu wa injini, au wa mabawa, au wa bodi, au wa mifumo ya kuongoza, au wa satelaiti, na pengine miaka mitano mizima utashughulika na kipande ambacho abiria hatakiona hata siku moja, na roho za watu zitakuwa juu ya kipande hicho.

Chukua madirisha ya ndege, kwa nini yana pembe za mviringo. Comet ya Uingereza ndio ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kawaida, mwaka 1952, na mwaka 1954 mbili zikapasuka angani, moja Januari moja Aprili. Kumbe kila ndege ikipanda juu, hewa ya ndani inatunisha bodi kidogo, ikishuka bodi inanywea, mara maelfu, na chuma kikikunjwa na kukunjuliwa hivyo kinachoka, yaani kinaanza kupata ufa mdogo usioonekana. Mainjinia walichukua bodi nzima ya Comet wakaitia kwenye tangi kubwa la maji wakaijaza presha na kuitoa, wakarudia na kurudia mpaka ikapasuka mbele ya macho yao, na ufa ukaonekana umeanzia kwenye pembe ya dirisha. Kwenye pembe kali nguvu zote zinajazana sehemu moja, ukiizungusha zinatawanyika. Sisi watu wa pwani tuna la kuongeza hapo: chumvi. Mwaka 1988 kule Hawaii, Boeing 737 ya Aloha Airlines iling'oka paa la mbele ikiwa angani, mhudumu mmoja akapoteza maisha, na ndege ikafanikiwa kutua. Ilikuwa ikiruka safari fupi fupi kati ya visiwa, hewa ya bahari kila siku, kutu na uchovu wa chuma vikaungana. Mtoto aliyekulia Mombasa akaona mabati na milango ya gari inavyoliwa na chumvi hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini hili ni somo zima chuo kikuu.

Sasa ndege inakaaje hewani. Kuna maelezo moja yanazunguka mpaka kwenye vitabu vingine vya shule, ati hewa ya juu ya bawa ina safari ndefu zaidi kwa hivyo inakimbia ili ikutane na mwenzake wa chini kule nyuma. Si kweli, hakuna sheria yoyote inayoilazimisha hewa ikutane tena, na vipimo vinaonyesha ile ya juu inatangulia kufika. Afadhali ulifikirie tanga la jahazi. Nahodha hasukumwi na upepo wa nyuma tu, anaweza kwenda joshi, akaukabili upepo wa ubavuni na chombo bado kikasonga mbele, manake tanga limetuna, upepo ukipita hapo unapindishwa, na kule kupindishwa kwa upepo ndiko kunakolivuta tanga upande wa pili. Bawa ni tanga lililolazwa. Linapindisha hewa kwenda chini, na kwa sheria ya tatu ya Newton hewa inalisukuma bawa kwenda juu, ukipima utakuta presha ya juu ya bawa ni ndogo kuliko ya chini yake. Ukiliinua bawa kupita kiasi hewa inashindwa kulifuata mgongo wake, inatawanyika ovyo, na ndege inaanza kuanguka. Ni pembe kiasi gani hapo? Inategemea umbo la bawa, kwa hivyo unapiga hesabu, kisha unaliweka kwenye handaki la upepo, lile bomba kubwa lenye mafeni, uone kama hesabu yako imesema kweli.

Upande wa pili wa fani hii ni roketi na satelaiti, na hapa sisi watu wa pwani tuko karibu kuliko tunavyojua. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya Waitaliano yamesimama baharini kwa jina San Marco, na kuanzia mwaka 1967 mpaka 1988 satelaiti zilirushwa kutoka hapo kwenda angani. Kwa nini hapo na si kwao Italia? Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi yake ni kama mita 465 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, sisi tuko karibu na ikweta kwa hivyo wewe umekaa Lighthouse unakula muhogo wako na unakwenda karibu na kasi hio bila kuhisi kitu. Satelaiti ili ibaki kwenye obiti ya chini, yaani izunguke dunia karibu bila kuanguka, inataka karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Ukiirusha kutoka ikweta kuelekea mashariki unaanza na zile mita 465 mkononi, unaokoa mafuta, na kila kilo ya mafuta uliyookoa ni nafasi ya kubeba kitu chengine. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, vipande vya roketi vikimaliza kazi vinaanguka majini, havimuangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani, na kwa kuwaheshimu Wakenya, manake ilikuwa siku yetu ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Ndio ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa makusudi kwa kuangalia eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa yetu inazimeza eksirei hizo zisifike chini, kwa hivyo ukitaka kuziona lazima utoke nje ya hewa. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na ikasaidia wanasayansi kufikiri kwamba kile kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa mpaka hata mwanga hautoki. Na aliyeusimamia mradi wote ule kule NASA ni mwanamke, Marjorie Townsend, aliingia chuo kikuu ana miaka 15 na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata digrii ya uinjinia pale George Washington University. Natamani kila shule ya wasichana kuanzia Lunga Lunga mpaka Lamu iwe na picha yake ukutani, wallahi, manake kazi yake ilitoka hapa hapa kwetu na hatufundishwi.

Kusimamia satelaiti maana yake nini? Satelaiti ile ilikuwa na uzito kama kilo 140 tu na roketi yake ilikuwa ndogo, haibebi zaidi. Mtu wa darubini anataka kubwa zaidi, mtu wa umeme anataka betri nzito zaidi, mtu wa redio anataka umeme zaidi, na upande unaopigwa na jua unachemka huku wa kivulini unaganda, na hakuna fundi atakayepanda huko kurekebisha kitu kikishaharibika. Injinia mkuu anakaa katikati ya wote hao akikata na kugawa gramu na wati mpaka chombo kikubali kufanya kazi. Si kazi ya mashine peke yake, ni kazi ya kusikiliza watu na kusema hapana kwa hesabu.

Haya, njia yenyewe sasa. Angalia kitu kimoja kwa hawa wanawake. Townsend alisomea umeme. Shilling alisomea umeme. Elsie MacGill wa Canada, aliyesimamia utengenezaji wa zaidi ya ndege 1,400 za Hurricane wakati wa vita, naye alianza na digrii ya umeme kabla ya kupata masters ya uinjinia wa ndege pale University of Michigan mwaka 1929, na aliipata akiwa amepata polio, akajifunza kutembea na fimbo mbili akaendelea na kazi. Mary Jackson, mwaka 1958 akawa injinia wa kwanza mwanamke mweusi pale NASA, alikuwa amesomea hesabu na sayansi, akaingia kwanza kama mpiga hesabu, kisha akafanya kazi kwenye handaki la upepo la mwendo wa kupita sauti. Ili apandishwe awe injinia ilibidi asome masomo ya jioni kwenye shule ya wazungu peke yao, na akalazimika kuiomba halmashauri ya mji ruhusa ya kuingia tu mle darasani, akapewa, akasoma, akapita. Wote wanne hakuna hata mmoja aliyeanza na digrii ya ndege. Milango ya pembeni iko mingi, ila yote ina ufunguo mmoja, hesabu na fizikia, na ufunguo huo unaupoteza ukiwa na miaka kumi na tano kumi na sita bila hata kujua umeupoteza.

Hapo ndipo naumia. Kwenye mfumo wa 8-4-4 shule nyingi zinakuachisha masomo kuingia form three, na wasichana wengi wanaiacha fizikia kwa sababu mwalimu hakuwepo au maabara haina vifaa au mtu fulani amesema ni ya wavulana. Ukishaiacha, uinjinia umefungwa, tena si wa ndege peke yake. Kwa walio kwenye mtaala mpya, gredi ya kumi ndipo unapochagua mkondo, na usitosheke kusikia umewekwa STEM, yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uinjinia na hesabu, manake ndani ya STEM kuna michanganyiko mingi na mingine haina fizikia kabisa. Uliza ukiwa umesimama mbele ya mwalimu: fizikia imo? Hesabu ni ile nzito? Kama shule yenu haina mwalimu wa fizikia, tafuteni mwanafunzi wa Technical University of Mombasa pale Tudor awasomeshe Jumamosi, changeni hela kidogo, itawezekana.

Baada ya KCSE, wastani wa C+ ndio unafungua mlango wa digrii kwa jumla, lakini uinjinia unaangalia sana hesabu, fizikia na kemia na ushindani unapandisha alama juu zaidi ya hapo. Kenyatta University wana digrii ya uinjinia wa anga, Technical University of Kenya wana ya ndege, zote Nairobi na miaka ni mitano. Ukikosa huko au nyumbani hawataki uende mbali, soma mekanika au umeme hapa hapa Tudor kisha masters ukachukue ya anga, na mimi sioni kama hio ni njia ya pili, hao wanawake niliowataja wamenionyesha hivyo. Kabla hujakubali nafasi yoyote, hakikisha kozi hio inatambuliwa na Engineers Board of Kenya, manake bila hivyo utasoma miaka mitano na usisajiliwe. Ukimaliza unasajiliwa kwanza kama injinia mhitimu, unafanya kazi chini ya mkubwa kwa miaka isiyopungua mitatu, ndio unaomba usajili kamili. Alama zikiwa hazikutosha digrii, ile kazi ya matengenezo ina vyuo vyake vya diploma na mitihani yake ya leseni, mshahara wake ni wa heshima, na wapo walioanza huko wakarudi chuo kikuu baadaye wakiwa wanaijua injini kwa mikono, kitu ambacho wenzao wa digrii wanakitamani.

Wazazi wanauliza pia habari ya mavazi. Kwenye karakana hakuna nguo inayoning'inia karibu na mashine inayozunguka, iwe buibui, leso, tai au nywele ndefu, ni usalama na ni kwa wote. Hijabu ya kubana iliyoingizwa ndani ya ovaroli haina shida.

Na ndoto ya kwenda kuunda roketi Marekani, sema ukweli mapema. Kule roketi zinahesabiwa pamoja na teknolojia ya silaha, sheria inabana nani azione, kwa hivyo kazi nyingi za makampuni ya roketi wanapewa raia au wenye ukaazi wa kudumu. Kalpana Chawla alizaliwa Karnal, India, akapata digrii ya uinjinia wa ndege huko huko kwao mwaka 1982, akaenda Marekani kwa masters na udaktari, akapata uraia mwaka 1991, na mwaka 1997 akapanda angani. Alifariki na wenzake sita chombo chao cha Columbia kilipovunjika kikirudi duniani, tarehe 1 Februari 2003. Njia yake ilichukua miaka kumi na tano tangu digrii ya kwanza. Utafiti vyuoni na ndege za abiria viko wazi zaidi kwa mgeni kuliko roketi, na hapa nyumbani pia kumeanza kuchangamka: University of Nairobi walipata satelaiti yao ndogo, 1KUNS-PF, ubavu wake sentimita kumi tu, ikaachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018, kisha Aprili 2023 Taifa-1 ya Kenya Space Agency ikarushwa na roketi ya Falcon 9 ikiwa na kamera ya kupiga picha za ardhi yetu.

Huna haja ya kungoja chuo ili uanze. NASA wana programu ya bure ya kuchora maumbo ya ndege inaitwa OpenVSP, kompyuta ya kawaida ya shule inaibeba, na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, unaweza kuanza kuijifunza hata kwa simu. Kama huna hata simu, kata kadibodi nyembamba utengeneze ndege ya kuteleza hewani, itie kibanio cha karatasi puani, rusha ndani ya darasa lililofungwa madirisha manake kaskazi na kusi zitakudanganya, pima umbali, uandike. Kisha sogeza kile kibanio nyuma kwa sentimita moja, usibadilishe kitu chengine chochote, rusha tena mara kadhaa, uandike. Utaona ndege inaanza kuinua pua, inasimama hewani, inaanguka, na mahali hasa ilipoanza kufanya hivyo pana hesabu yake, inaitwa kitovu cha uzito, na iko kwenye kitabu cha fizikia cha form two.